Miwani ya jua, vumbi la Endamarariek na mazoea ya kufutia shati

Wadau, leo tuongelee kitu kidogo ambacho wengi wetu tunacho na wengi wetu tunakiharibu kwa mikono yetu wenyewe: kioo cha miwani ya jua. Najua wapo watakaosema huyu jamaa amekosa habari, nchi ina mambo chungu nzima yeye yuko kwenye miwani ya mabishoo. Subirini kidogo. Kuna historia humu, tena ndefu, na ndani yake kuna jibu la swali ambalo wengi hujiuliza: kwa nini miwani ya wazee wetu ilidumu miaka na miaka, na hii ya kwetu haimalizi kiangazi kimoja bila kujaa mikwaruzo?

Tuanzie Endamarariek. Kwa asiyepajua, Endamarariek ni kata ya wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, kwenye nyanda za juu wanakoishi zaidi Wairaqw. Watalii wengi hawafiki huko. Wao hupita Karatu mjini kwenye lami, wananunua maji na vinyago, wanaelekea lango la Ngorongoro. Ukiiacha lami ukaingia njia za vijijini wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ndipo unapokutana na mwenyeji wa kweli wa eneo lile: vumbi. Mashamba yameshavunwa, ng'ombe wanazunguka kwenye mabua, udongo umekauka na kusagika, na upepo haujawahi kumwomba mtu ruhusa. Pikipiki moja ikipita mbele yako, kwa dakika nzima huoni kitu. Ukivua miwani unakuta umbo lake limejichora usoni kama kinyago.

Sasa angalia kinachofuata. Mtu yeyote, awe dereva, mwalimu, bwana shamba au mgeni kutoka mjini, atafanya jambo lile lile. Atavuta pindo la shati, atapumulia kioo "haaa", atasugua mara nne tano kwa nguvu, atainua miwani kuelekea juani kukagua, kisha ataivaa akiwa ameridhika. Kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ameichakaza.

Nimechagua Endamarariek kwa sababu kule vumbi halijifichi. Dar es Salaam au Nairobi vumbi lipo vile vile, ila limechanganyika na moshi, jasho na mafuta ya nywele, kwa hiyo tunaliita "uchafu" na kusahau kwamba ndani yake mna mawe. Ndiyo, mawe. Vumbi si unga kama sembe. Ukiliweka chini ya hadubini utaona vipande vyenye kona na makali, kama kokoto zilizotoka kwenye mashine ya kupasulia, ila vidogo mno.

Na mawe ya huko si ya mchezo. Upande wa kaskazini wa Karatu umesimama mlima Oldeani na nyanda za Ngorongoro, kazi ya volkano za zamani zilizomwaga majivu na lava. Ukielekea kusini, upande wa Mbulu, unakutana na miamba mikongwe zaidi yenye kwatsi kwa wingi, lile jiwe jeupe linalong'aa ambalo watoto huligonganisha gizani litoe mwanga. Magharibi, chini ya ukingo wa bonde, liko Ziwa Eyasi lenye chumvi na magadi, ambalo kiangazi sehemu kubwa hukauka na kubaki ganda jeupe linalopeperushwa na upepo.

Mwaka 1812 Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, aliyapanga mawe kwa ngazi ya ugumu kutoka 1 mpaka 10. Kanuni yake ni nyepesi: kilicho kigumu kinakikwaruza kilicho laini, basi. Almasi iko kwenye 10. Kwatsi iko kwenye 7. Madini mengi ya majivu ya volkano yako kati ya 5 na 6. Kioo cha kawaida, kile cha dirishani, ni kama 5.5. Ukucha wako ni 2.5. Plastiki ya lenzi iko chini sana ya kioo. Kwa maneno mengine, vumbi la kiangazi linalotua kwenye miwani yako ni gumu kuliko miwani yenyewe. Shati halina kosa kubwa. Shati ni mkono tu unaosukuma mawe.

Watu wa eneo hili walilijua jambo hilo kabla Mohs hajazaliwa, tena kabla hata sisi binadamu wa leo hatujakuwepo. Ukivuka kreta ya Ngorongoro ukateremka kuelekea Serengeti unafika Oldupai, mahali ambapo Mary Leakey alilipata lile fuvu la Zinjanthropus Julai 17, 1959. Karibu na korongo hilo kuna kilima kinachoitwa Naibor Soit, maana yake kwa Kimaasai ni mawe meupe. Ni kilima cha jiwe la jamii ya kwatsi, na zana nyingi zilizofukuliwa Oldupai zilichongwa kutokana na jiwe la hapo. Karibu miaka milioni 2 iliyopita viumbe wale walikuwa wanaligonga, wanapata ukingo mkali, wanakata nyama. Mwaka 1981 watafiti walitangaza kwamba wameziona alama za zana hizo kwenye mifupa ya wanyama ya Oldupai. Baadaye ukaja mjadala mzuri: mwaka 1986 watafiti wengine walionyesha kwamba hata mfupa uliolala mchangani ukikanyagwa na wanyama hupata mikwaruzo inayofanana sana na ya kisu cha jiwe. Mchanga wenyewe unatosha. Kama mchanga chini ya kwato unaweza kuandika kwenye mfupa, fikiria unachofanya kwenye plastiki chini ya kidole gumba chako.

Sasa twende kwenye miwani yenyewe.

Watu wamejikinga na mwanga mkali kwa namna nyingi. Wainuiti wa kule kwenye barafu ya kaskazini walichonga mfupa, pembe au mbao, wakatoboa mwanya mwembamba wa kuchungulia. Hiyo haina kioo, kwa hiyo haina cha kukwaruzika. China ya zamani ilitumia vipande bapa vya kwatsi yenye rangi ya moshi, na husimuliwa kwamba mahakimu walivivaa ili mashahidi wasisome macho yao. Hapo vumbi lilikutana na mtu wa saizi yake, maana lenzi yenyewe ilikuwa kwatsi. Ulaya miwani ya kusomea ilianza Italia mwishoni mwa karne ya 13, na katikati ya karne ya 18 fundi mmoja wa London, James Ayscough, alikuwa akitengeneza miwani yenye vioo vya rangi ya buluu na kijani. Hiyo ilikuwa hasa kwa ajili ya kuona vizuri, lakini wazo la kuweka rangi kwenye lenzi likawa limeshika mizizi.

Huku kwetu kuna kisa kimoja kilichoandikwa ambacho nakipenda sana. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walitoka Zanzibar kuingia bara. Walipofika Ziwa Tanganyika Februari 1858, Speke alikuwa anaumwa macho vibaya kiasi kwamba hakuliona ziwa sawasawa. Katikati ya mwaka huo huo, Burton akiwa amebaki Kaze, ambayo leo ni Tabora, Speke alielekea kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi, safari iliyomfikisha Ziwa Nyanza mwanzoni mwa Agosti. Macho yalikuwa bado yanamsumbua na jua lilikuwa kali. Alikuwa na miwani yenye vioo vya rangi ya kijivu. Lakini kila alipoivaa, watu wa njiani walimiminika kumtazama, wakawa wanainama kuchungulia chini ya kofia yake waone hayo macho yake ya ziada. Vurugu zikazidi. Mwenyewe anaeleza kwamba ilibidi aivue, aitie mfukoni, afumbe macho na kuacha punda wake avutwe.

Hebu lifikirie hilo. Mtu anaumwa macho, kinga anayo, na bado anasafiri amefumba macho katika nchi ambayo amekuja kuitazama. Miwani ya jua ikikaa mfukoni haimsaidii mtu. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu mikwaruzo inatufikisha pale pale bila hata ya umati wa kutuzonga.

Lenzi za Speke zilikuwa kioo. Kioo kina sifa mbili, nzito na gumu. Ukikifuta kwa pindo la nguo lenye vumbi kitapata madhara, kwa sababu kwatsi inakishinda, lakini madhara yanakuja taratibu. Mtu angeweza kukifuta miaka mingi kabla ya kulalamika. Na hapo ndipo mazoea yetu yalipozaliwa. Kupumulia na kufutia nguo ni mazoea ya zama za kioo.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1929. Huko Atlantic City, mji wa pwani nchini Marekani, bwana mmoja aitwaye Sam Foster alianza kuuza miwani ya jua ya bei poa kwa watu waliokuja ufukweni. Ilikuwa ya seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo. Kabla ya hapo miwani ya rangi ilikuwa kitu cha wagonjwa na wenye fedha. Foster aliifanya kitu cha yeyote mwenye chenji. Upande mwingine kulikuwa na marubani. Ndege zilipanda juu zaidi, mwanga wa huko ukawachosha macho, na kampuni ya Bausch & Lomb ikatengeneza miwani yenye vioo vya kijani ambayo mwaka 1937 iliingia sokoni, na ndiyo tunayoijua kwa jina la Ray-Ban. Ile ilikuwa kioo hasa. Jenerali Douglas MacArthur alipigwa picha akitembea majini kuingia Leyte, Ufilipino, Oktoba 1944, miwani ya jua usoni, na baada ya vita kila kijana alitaka kufanana na rubani.

Vita hivyo hivyo vilileta plastiki nyingine. Mwaka 1940 wanakemia wa Marekani walipata plastiki ngumu, angavu, iliyopewa jina CR-39 kwa sababu ilikuwa jaribio la 39. Ilitumika kwenye mifumo ya mafuta ya ndege za kivita. Vita vilipokwisha ikabaki nyingi, na mwaka 1947 Robert Graham wa kampuni ya Armorlite, California, alianza kuitengenezea lenzi za miwani. Uzito wake ni karibu nusu ya kioo. Pua za watu zilipumua. Miaka ya 1950 ikagunduliwa polikaboneti, plastiki imara kiasi kwamba leo ndiyo inayotengenezea vioo vya helmeti. Mwaka 1972 ilianza kutumika kanuni ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, kwamba lenzi za miwani ziwe zinazostahimili pigo, kwa sababu watu walikuwa wanaumia macho vioo vikipasuka usoni. Plastiki ikazidi kupata nguvu.

Hatua hizi zote zilikuwa na maana. Hakuna anayetaka vipande vya kioo jichoni akianguka na pikipiki. Lakini kulikuwa na gharama. Plastiki haipasuki kirahisi kwa sababu ina ulaini, na ulaini huo huo ndio unaoifanya ikwaruzike. Polikaboneti, ambayo ni bingwa wa kuhimili pigo, ni dhaifu zaidi mbele ya chembe ya mchanga. Tulipata usalama na wepesi, tukalipa kwa mikwaruzo.

Hapo ndipo shirika la anga la Marekani, NASA, linapoingia, tena kupitia mlango wa maji. Katika miaka ya 1970 mtafiti Ted Wydeven wa kituo cha NASA Ames alikuwa anashughulikia chujio za kusafishia maji kwenye vyombo vya angani. Alitumia gesi iliyopitishiwa umeme kupaka utando mwembamba juu ya plastiki, na ikaonekana utando wa namna hiyo unaweza kuikinga plastiki na mikwaruzo. Mwaka 1983 kampuni moja ya miwani ilipata leseni ya kutumia teknolojia hiyo. Kampuni gani? Foster Grant. Yule yule Sam Foster wa 1929, au tuseme warithi wa biashara yake. Waliofungua mlango wa miwani ya plastiki ya bei poa ndio waliokuja kununua ngozi ya kuilinda.

Lakini utando ni utando. Ni mwembamba kuliko unywele, unapunguza mikwaruzo, hauifuti duniani. Ukipigwa na joto kali plastiki iliyo chini inatanuka kuliko utando ulio juu, na unaanza kupasuka vimstari kama tope lililokauka. Na miwani nyingi ya bei ya chini haina utando wa maana, ingawa kibandiko kinaweza kudai vinginevyo.

Kwetu Tanzania plastiki ilituingia kwa kishindo baadaye kidogo. Wasomaji wenye umri wa kutosha wanakumbuka, au wamesimuliwa na wazazi, enzi za maduka matupu. Masharti ya kuingiza bidhaa yalipoanza kulegezwa mwaka 1984, na Rais Mwinyi aliposhika nchi mwaka 1985 na watu wakamwita Mzee Ruksa, bidhaa ndogo ndogo kutoka nje zilimwagika. Miongo iliyofuata zikaja za China na Dubai. Leo machinga wa Karatu siku ya mnada anakutandikia miwani ya jua chini, juu ya turubai, vioo vikitazama juu kwenye vumbi, na kila mteja anaijaribu na kuirudisha. Si ajabu ukinunua mpya ikawa imeshaanza kukwaruzika.

Hapa ndipo historia inapotubana. Kitu kilibadilika, mazoea hayakubadilika. Lenzi ilitoka kwenye kioo ikaenda kwenye plastiki, lakini sisi bado tunaifuta kama Ray-Ban ya mwaka 1937. Na vumbi la Endamarariek ni lile lile la tangu volkano zilipopoa.

Atauliza mtu: mikwaruzo ni kasoro ya urembo tu, au kuna zaidi? Kuna zaidi. Mkwaruzo mmoja hauonekani, lakini mia zikikusanyika zinatawanya mwanga. Mchana unaona ukungu kidogo. Jioni, dereva anayeelekea magharibi jua likiwa mbele yake, kila mkwaruzo unawaka, na mbele yote inageuka pazia jeupe. Mtoto anayevuka barabara na ng'ombe wake yuko nyuma ya pazia hilo. Dereva mwenye akili anavua miwani. Sasa anakabiliana na jua na vumbi kwa macho matupu. Ndiyo ile habari ya Speke: kinga ipo mfukoni, macho yako nje.

Na jua la kule si la kubeza. Karatu iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na kimo chake ni kama mita 1,500. Mionzi ya urujuanimno huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hata kama hewa ni ya baridi na hulisikii jua. Wataalamu wa macho wanaihusisha mionzi hiyo na mtoto wa jicho, na pia na kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho kikatambaa kuelekea kwenye mboni. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao macho yao hayana rangi ya kutosha kuzuia mwanga, miwani ya jua si ubishoo hata kidogo. Ni kama mwavuli kwa mtu aliye mvuani. Mwanafunzi mwenye ualbino katika shule ya kijijini, miwani yake ikiharibika, anaweza kusubiri muda mrefu kabla ya kupata nyingine. Kwake, kujua namna ya kuisafisha ni sehemu ya kuweza kusoma.

Basi tuisafishe vipi? Kanuni ni moja tu, na inatokana na yote niliyoeleza: toa mawe kwanza, ndipo usugue. Mama zetu wanaosugua sufuria kwa mchanga na majivu wanajua vizuri mchanga unafanya kazi gani. Usiupe nafasi kwenye lenzi.

Kwanza, tikisa miwani au ipulize, vumbi kubwa lidondoke. Kisha imwagie maji ya kawaida, ya baridi au vuguvugu, kamwe si ya moto. Najua kiangazi maji vijijini ni mali, ndoo inabebwa kwa mbali. Lakini hapa hatuzungumzii ndoo. Nusu glasi ya chai, ukiimimina polepole pande zote mbili, inatosha kuondoa chembe nyingi. Hata ile chumvi ya upande wa Eyasi inayeyuka yenyewe kwenye maji.

Pili, chukua tone moja la sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, sambaza kwa ncha za vidole vilivyo safi, nje na ndani ya lenzi, na pale panapokaa puani ambako jasho na mafuta hujificha. Vidole, siyo dodoki, siyo steelwire. Usitumie sabuni ya unga kwa sababu ina chembe, wala sabuni yenye mafuta ya kulainisha ngozi maana itaacha utelezi.

Tatu, suuza tena, kung'uta maji, halafu kausha kwa kugusisha kitambaa laini na safi. Kitambaa bora ni kile cha nyuzi nyembamba sana, maikrofaiba, ambacho kampuni ya Toray ya Japani ilifungua njia yake mwaka 1970. Nyuzi zake ni nyembamba mno kuliko unywele na zinanasa mafuta na chembe zilizobaki. Kama huna, kipande cha kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa na kusuuzwa vizuri kinafaa. Neno muhimu ni "iliyofuliwa". Kitambaa kizuri kilicholala mfukoni wiki nzima pamoja na funguo na sarafu ni msasa. Hicho cha maikrofaiba nacho kifue, bila kukiweka dawa ya kulainishia nguo.

Sasa orodha ya maadui. Pumzi na mate ni adui wa kwanza: unyevu ule ni mdogo mno kuweza kuchukua mchanga, unatengeneza tope la kusugulia tu. Karatasi za chooni na tishu ni za mbao, si laini kama zinavyojifanya. Petroli, tina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha vinaweza kuila plastiki yenyewe. Na ule ushauri unaosambaa kwamba mikwaruzo inafutwa kwa dawa ya meno, naomba tuuzike. Dawa ya meno imewekewa chembe za kusugulia, ndiyo kazi yake. Kwenye lenzi inatengeneza mikwaruzo mingi midogo badala ya mmoja mkubwa, na utando wote unaondoka nayo. Lenzi iliyokwisha kukwaruzika haitibiki nyumbani. Inabadilishwa, au unaishi nayo.

Kuhifadhi nako kuna adabu yake. Usiilaze miwani kifudifudi, lenzi zikigusa meza. Usiiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, ukirudi unakuta utando umepasuka. Tumia kifuko kigumu, na kifuko chenyewe kikung'ute mara moja moja, kwa sababu vumbi la Karatu linajua kuingia popote. Ukiwa njiani na huna maji kabisa, ivumilie miwani ikiwa na vumbi mpaka ufike penye maji. Vumbi likikaa juu ya lenzi halijaharibu kitu. Linaharibu pale linapoburutwa.

Na kama una miwani ya zamani ya mzee nyumbani, igonge kidogo kwa ukucha. Ikitoa mlio mkali na ikiwa ya baridi ukiigusisha shavuni, yaelekea ni kioo, na ndiyo maana imekuvumilia. Ikitoa mlio mzito kama wa ndoo, hiyo ni plastiki. Ioshe kwanza, shati lako liache lifanye kazi yake ya kuvaliwa.